Noah ya kukodi Pemba siku 3: gari hapana, dereva ndiyo (uzoefu wangu)

Mnaoniuliza gari la kukodi Pemba likoje, niseme mapema, hii safari haikupangwa. Alhamisi usiku tuko Forodhani, mimi na mume wangu na shoga yangu na mumewe, tunakula urojo huku tunahesabu siku zilizobaki maana mume wangu kapata kazi Maskati na tiketi tushakata, mara shoga yangu huyo, "Hivi nyie mnahamia Omani na Pemba hamjakanyaga?" Tukacheka lakini lilituingia. Mimi mtoto wa Mjini Unguja, Dar nimekwenda sijui mara ngapi, Pemba naijua kwa karafuu na utani tu. Basi usiku ule ule shemeji akamtafuta mtu kwa wasap mwenye Noah ya kukodisha, Jumamosi asubuhi tuko bandarini Malindi na vitambulisho mkononi tunagombania kupanda boti.

Boti sina maneno mengi. Mwisho wa mwezi wa 9, kusi halijatulia sawasawa, tulivyoiacha Nungwi tu boti likaanza kupanda na kushuka, wahudumu wakapita wanagawa mifuko, na mimi niliekuwa nawacheka wenzangu ndo nikawa wa kwanza kuuomba. Kaeni nyuma, chini, na msile chapati na maharage asubuhi.

Haya gari sasa. Makubaliano laki moja kwa siku na dereva wake, "kila kitu humo", maneno ya mwenye gari hayo na meseji tunayo mpaka leo. Kufika bandari ya Mkoani, Pemba, dereva yupo anatusubiri, mzee wa makamo na kofia yake ya viua, tukawa tunamwita Ami. Gari kwa nje linang'ara kwa kuoshwa, ndani eesi haifanyi kazi, mlango wa nyuma mpaka mtu ashuke aufungue kwa nje, na mshale wa mafuta umelala chini kabisa. Mume wangu akampigia mwenye gari, bwana si ulisema laki na kila kitu? Jamaa akajibu bila hata kusita, "Kila kitu cha gari. Mafuta si gari." Tukabaki tunatazamana. Tukatia elfu hamsini za kuanzia, na Ami kaangalia pembeni, naona aibu alikuwa nayo yeye.

Lakini huyo Ami! Yani kama tungekodi gari tukaendesha wenyewe tungepiga picha za bahari tukarudi, basi. Kisiwa chenyewe urefu hakifiki kilomita 70 lakini vilima na mabonde, kila kona ina jambo lake na Ami analijua. Njia nzima karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa barabara, harufu inaingia mpaka kwenye nguo. Katupitisha Wawi kwenye kiwanda cha makonyo, vile vikonyo ambavyo mimi nilidhani vinatupwa, kumbe vinapikwa kwa mvuke yanatoka mafuta, nikanunua chupa. Ndo akatueleza kwa nini karafuu ni Pemba wakati zamani mashamba makubwa yalikuwa Unguja, kile kimbunga cha 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja na huku hakikufika sana. Halafu akamgeukia mume wangu, "Sultani Sayyid Said katoka Maskati kuja kupandisha watu mikarafuu, wewe mwanangu watoka kwenye mikarafuu wenda Maskati. Haya, mtakutana njiani." Tulicheka mpaka shemeji akapaliwa na dafu.

Kidike tukaona popo, wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa, wananing'inia juu ya miti mchana kweupe wanagombana, na hawapatikani pengine duniani ila Pemba. Wete tukachukua halua. Kisiwa cha Misali hatukwenda, bahari ilikuwa mbaya na tumbo langu lilishasema yake.

Siku ya pili ndo pancha. Tumeshaipita Konde tunaelekea msitu wa Ngezi ili tutokee Vumawimbi na kule kwenye mnara wa taa wa Kigomasha, tairi la nyuma likalia pwaa. Ami akashuka, akatoa jeki, akatoa spea, spea yenyewe haina upepo hata wa dawa. Hapo ndo nikamuona kakasirika mara ya kwanza. Akampigia mwenye gari, hapokei. Akapiga tena, simu ikazimwa. Akasimamisha bodaboda, akapakata tairi mapajani kama mtoto, akarudi Konde kutafuta fundi pancha, na alilipa kwa pesa yake, tulipotaka kumrejeshea ilibidi tumtilie mfukoni kwa nguvu.

Sisi tumebaki njiani saa 2 nzima. Kina mama waliokuwa wanachambua karafuu ng'ambo ya barabara wakatuita, wakatutandikia jamvi, mimi na shoga yangu tukaingia kuchambua na sisi, hiyo kazi iangalieni hivyo hivyo, dakika kumi tu kidole gumba changu kilikuwa cheusi na kinauma, wenzetu mikono inakwenda wala hawaangalii. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwatoka wapi, mwenda wapi?" Nikamwambia Unguja, na mwisho wa mwezi twenda Maskati kuishi. Akaacha karafuu. "Maskati! Mwanangu yuko huko mwaka wa 11." Akaingia ndani, akatoka na karafuu kavu kazifunga kwenye kipande cha kanga, na namba ya simu kaandikiwa na mjukuu kwenye karatasi ya daftari la skuli.

Ami aliporudi tukaendelea, Vumawimbi tukafika jua linaelekea kuzama, ufukwe mzima wetu sisi watu watano. Kigomasha tena giza, tukairuka.

Kwa hiyo mnaouliza. Gari nyota 1, na hiyo moja kwa sababu injini haikuzima. Mwenye gari sina nyota ya kumpa, siku ya mwisho alitaka na hela ya kuosha gari. Ami 5, na kama kungekuwa na 6 zake. Ukikodi Pemba chukua na dereva, mtu wa kule kule, andikishianeni mafuta ni ya nani, na kabla hujatoa hata shilingi mwambie akuoneshe spea, uibonyeze kwa mkono wako mwenyewe.

Sisi tunaondoka Jumanne. Mume wangu kaona kile kifurushi kwenye sanduku kaanza, ohoo karafuu mnunuzi ni ZSTC peke yake, lile shirika la biashara la serikali, hayo magendo, utatufungisha uwanja wa ndege. Nimemwambia kiganja cha karafuu za pilau magendo gani bwana. Kakitoa, nimekirudisha. Sasa hivi kanzu zake zote zinanuka Pemba.