TAHADHARI: Mashine za kahawa "mpya, hazijafunguliwa" zinazouzwa mtandaoni hapa Dar ni mitumba iliyochoka

Ndugu zangu mnaotafuta mashine ya kahawa ya nyumbani, ile ya kubonyeza kitufe kimoja ikasaga punje na kutoa kahawa yenyewe, naomba msome hadi mwisho kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna muuzaji yuko Instagram na WhatsApp, anasema ana stoo Kariakoo, anauza mashine zilizokwisha kazi maofisini huko nje kana kwamba ni mpya. Mimi amenipiga 980,000. Jina la ukurasa siliandiki hapa kwa sababu limeshabadilika mara mbili, na mkitafuta lile la zamani msilione mtadhani ameacha biashara. Nawaandikia namna anavyofanya, maana hiyo haijabadilika.

Sababu ya kuitaka mashine ilikuwa baba. Ni mzee wa Rombo, amelima kahawa tangu ujana wake, na kama ilivyokuwa kwa wakulima wengi wa Kilimanjaro, kahawa ilikuwa ya kupeleka chama cha msingi. Nyumbani tulikunywa chai. Mama alipofariki nikamleta hapa kwangu Tabata. Siku hizi ameipenda kahawa, hasa ile ya kihambani kwake ambayo kaka anaikaanga Moshi na kuituma kwa basi. Lakini mikono inamtetemeka. Siwezi kumwachia jiko la gesi na birika la maji yanayochemka wakati sisi sote tuko kazini. Kitufe kimoja anakiweza. Nikasubiri zamu yangu ya mchezo, nikapata hela, nikaanza kuulizia bei.

Madukani mashine niliyoitaka, ya chapa ya Kiitaliano, ilikuwa kuanzia 1,700,000. Huyu akaniambia 980,000, zimetoka Dubai, zimebaki nne. Akanitumia video mashine ikitoa kahawa yenye povu zuri. Nilipotaka kwenda kuiona akasema stoo haina sehemu ya wateja, nitume 500,000 aniletee na bodaboda, zilizobaki nilipe nikishapokea. Nikaona ni haki, maana nalipa nusu mzigo ukiwa mlangoni. Nilipokuwa nalipa, jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri halikuwa lake. Akasema ni dada wa uhasibu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama, nami nikaendelea.

Boksi lilifika saa moja usiku, limefungwa gundi vizuri. Kijana wa bodaboda akanikataza nisilifungue kabla ya kumalizia malipo, akidai ameagizwa kwamba likifunguliwa dhamana inakufa. Nikalipa 480,000. Risiti ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, haina TIN, yaani namba ya mlipakodi.

Sasa sehemu hii isomeni taratibu, kwa sababu ndiyo ilinifunga mdomo kwa siku tisa. Nilipofungua kifuniko cha punje nikakuta unga wa kahawa ndani ya kisagio. Nikampigia saa ileile. Hakubabaika hata kidogo. Akanitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha maelekezo unaosema kwamba mashine hujaribiwa kiwandani kwa kahawa halisi, hivyo si ajabu kukuta mabaki kwenye kisagio. Na ni kweli! Watengenezaji kadhaa huandika hivyo, na mashine mpya kabisa inaweza kuja na vumbi kidogo la kahawa. Nikatulia. Nikamwomba hata samahani kwa kumpigia usiku.

Tofauti nimekuja kuijua baadaye, na naomba muikumbuke. Mabaki ya kiwandani ni vumbi kavu, kidogo, ukipitisha brashi linatoka. Nililolikuta mimi lilikuwa tabaka la hudhurungi lililoganda kwa mafuta kwenye kuta za chombo cha punje, ukilisugua na kidole linanata na kunuka kama mafuta ya siku nyingi. Kahawa iliyokaangwa hutoa mafuta, na mafuta hayo huchukua miezi ya matumizi kujenga tabaka la namna ile. Kiwandani hawasagi kwa miezi.

Siku ya nne kahawa ikaanza kutoka nyepesi. Machicha, ambayo katika mashine nzima hudondoka yakiwa yamebanwa kama vidonge, yakawa yanatoka kama uji. Siku ya saba maji yakatapakaa chini ya trei. Siku ya tisa pampu ikakoroma, taa nyekundu ikawaka, basi.

Muuzaji akaniambia nimetumia maji ya kisima. Sisi tunatumia maji ya chupa kwa kahawa ya baba. Ni kweli visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na maji magumu huziba njia za mashine kwa ukoko wa chokaa, lakini ukoko haumalizi mashine mpya kwa siku tisa. Nilipomjibu hivyo akanifungia.

Nikaipeleka kwa fundi anayetengeneza mashine za mahotelini. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kufungua skrubu. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akaingia sehemu ya takwimu. Mashine nyingi za aina hii hujihesabia: vikombe vilivyotolewa tangu izaliwe, mara ngapi imesafishwa chokaa, wakati mwingine hata lita za maji. Yangu ilionyesha vikombe 11,482. Kwa nyumba inayokunywa vikombe vinne kwa siku, hiyo ni karibu miaka minane. Ndani akakuta oringi, vile vipete vya mpira vinavyozuia maji kuvuja, zimekatika, na kile kidude kinachobana unga kabla maji hayajapita kina ufa. Kisha akageuza boksi, akalinganisha namba ya mashine na ile iliyochapwa kwenye boksi. Zilikuwa tofauti kabisa. Boksi lilikuwa la mashine nyingine.

Nilipoeleza haya kwenye kundi la WhatsApp la mtaani, kijana mmoja wa Kigamboni akanitafuta. Naye alinunua kwa muuzaji huyohuyo, na yake ilikuwa mbaya zaidi. Aliichomeka ukutani, ikatoa mlio mmoja na harufu ya kuungua, ikafa palepale. Nyuma kulikuwa na kibandiko safi kinachosema 220–240 V. Fundi akakibandua kwa kucha, chini yake kukawa na bamba la kiwandani: 120 V, 60 Hz. Mashine ya soko la Marekani. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50 (hezi, Hz, ni mara ngapi umeme unajirudia kwa sekunde). Kipasha joto kilichotengenezwa kwa volti 120 ukikipa karibu mara mbili yake hakivuti nguvu mara mbili, kinavuta karibu mara nne. Hapo mna hatari ya moto ndani ya nyumba, na ndiyo maana nasema huyu mtu hatuibii hela tu. Na ile video nzuri? Tukairudia pamoja. Pembeni ya meza, chini, linaonekana pande la transfoma limefunikwa kitambaa nusu.

Msidanganywe pia kwamba mtanunua transfoma na mambo yataisha. Mashine ya wati 1,400 inahitaji transfoma ya wati 2,000 au zaidi, ni nzito, ina bei yake, nayo haibadilishi hezi. Pampu iliyoundwa kwa hezi 60 itafanya kazi polepole kwenye 50.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, omba vitu vitatu kwa video ya moja kwa moja, si ya kurekodiwa: ukurasa wa takwimu unaoonyesha idadi ya vikombe, bamba la nyuma lenye volti (mwambie apitishe ukucha pembeni ya kibandiko), na namba ya mashine ikifuatwa na ile ya kwenye boksi. Mashine mpya inaweza kuonyesha vikombe vichache vya majaribio. Akikataa kwa sababu eti "haijafunguliwa", basi akuuzie kwenye duka ambako itafunguliwa mbele yako. Kuna mafundi wenye vifaa vya kurudisha hesabu hadi sifuri, kwa hiyo usiitegemee namba peke yake. Angalia wavu wa trei kama una mikwaruzo ya vikombe. Angalia tangi la maji kama limefifia na kuwa na utando mweupe chini. Nusa bomba la mvuke, maziwa ya zamani hayafichiki.

Dai risiti ya EFD, ile inayochapwa na kile kimashine cha kodi cha dukani. Ina TIN na namba ya kuhakiki, unaiingiza kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, unaona kama ni ya kweli. Mwenye duka halali hatakununia kwa hilo. Na jina linalotokea kwenye simu lisipofanana na la biashara, ghairi.

Kwa wanaonunua dukani kihalali, neno moja tu kutoka kwa fundi wangu: chagua ile ambayo kidude cha kubana unga kinatolewa na kuoshwa bombani, kama zilivyo nyingi za De'Longhi na Philips. Za Jura hazitolewi kwa mkono, husafishwa kwa vidonge maalumu, ambavyo inabidi uwe na uhakika wa kuvipata. Na muulize muuzaji oringi na pampu anazo wapi na ni bei gani. Asipojua, hana fundi.

Mimi nimefungua jalada polisi na nina RB, yaani namba ya taarifa yangu. Nimepeleka pia malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, na namba ya simu iliyopokea hela nimeituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kijana wa Kigamboni naye amefungua lake. Baba kwa sasa namtengenezea kahawa alfajiri kabla sijatoka, naiweka kwenye chupa ya chai, na ikifika mchana imeshapoteza ladha, ila hasemi.

Kama umenunua mashine ya kahawa mtandaoni miezi ya karibuni na mzigo uliletwa na bodaboda usiku, tafadhali geuza mashine leo utazame nyuma. Usiiwashe kabla hujabandua hicho kibandiko. Ukikuta kingine chini yake, piga picha, tunza ujumbe wa muamala na mazungumzo yote ya WhatsApp, kisha niandikie inbox. Mpelelezi ameniambia wakipatikana walalamikaji wengine wenye namba ileile ya simu, majalada yataunganishwa.