Troponini au NT-proBNP kwa mgonjwa wa sepsisi?

Hivi ni vipimo viwili vya damu vya moyo. Troponini ni protini ya misuli ya moyo, nayo huvuja kwenye damu misuli hiyo inapoumia. NT-proBNP, protini nyingine, hutolewa kuta za moyo zinapotanuka kwa shinikizo. Kwa mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yanapofanya mwili uviumize viungo vyake wenyewe), yoyote ikipanda, hatari ya kifo huwa kubwa zaidi. Ila troponini ikipanda hapa usikimbilie kusema mshipa wa moyo umeziba. Mara nyingi haujaziba. NT-proBNP ndiyo inayopotosha kirahisi: figo zikidhoofika hurundikana kwenye damu, uzee huipandisha, unene huishusha. Mzee mwenye figo mbovu anaweza kuwa nayo juu hata kabla homa haijaanza! Mimi ningeanza na troponini, nirudie baada ya saa chache nione inaelekea wapi, huku laktati (asidi ya damu inayopanda mgonjwa anapozidiwa) na kiasi cha mkojo vikifuatiliwa.