VideoPass ya MotoGP: tamu kweli, ila stori inaanzia katikati

Nimelipia VideoPass ya MotoGP, ile huduma yao ya kuangalia mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia mtandaoni, msimu mzima na hela haijaniuma sana, ingawa ukiipiga kwenye shilingi lazima ujikune kichwa kwanza. Kadi yangu ya benki iligoma mara 3 ndo ikakubali, ila hilo sio la kwao.

Mbio za laivu sizisemi sana, mnazijua. Kilichonikamata mimi ni maktaba yao, mbio tangu 1992. Nikaanza na huohuo 1992: Doohan, dereva wa Australia, anaongoza msimu, anavunjika mguu Assen kule Uholanzi, nusura waukate, anakosa mbio 4, anarudi Brazil kakonda kama ufito, halafu ya mwisho Kyalami, Afrika Kusini, Mmarekani Rainey anampokonya ubingwa kwa pointi 4. Pointi nne jamani! Nimeicheki saa 8 usiku, simu nimeitumbukiza kwenye bakuli ili sauti ipande, zile injini za kuchanganya oili na petroli zinalia kama nyuki waliochokozwa, mpaka wife akaniuliza kuna nini humo jikoni.

Sasa lawama. Ukikaa humo tu utadhani dunia ilianza 1992, kumbe huo ni mwaka Dorna, kampuni inayoendesha mbio hizi, walipochukua haki za biashara. Shirikisho lenyewe la pikipiki la dunia, FIM, ni la Desemba 1904, lilizaliwa Paris likiitwa FICM, tena lilizaliwa kwa ugomvi, maana miezi michache nyuma kulikuwa na kombe la kimataifa la pikipiki pale Dourdan, Ufaransa, likaisha vurugu tupu mpaka matokeo yakafutwa, ndo wakubwa wakaona bora wakae waweke sheria. Sheria zenyewe wala! 1906 wakazinguana tena, chama kikalala usingizi hadi 1912 kilipofufuliwa London. Ubingwa wa dunia ukaja 1949, ukafunguliwa Isle of Man, na wa daraja la juu, injini za 500cc, akaubeba Leslie Graham na pikipiki yake ya AJS.

Yaani misimu 43 ya ubingwa ipo nyuma ya pale maktaba inapoanzia, na humohumo ndo kuna Agostini, yule Mwitaliano, na mataji yake yote 15 ya dunia. Mimi nilitaka kumuona Agostini akikata kona, sio kumsoma.

Nawapa nyota 4. Lipieni mwanzo wa msimu, na muwe na waifai, bando la simu litaisha kabla ya lapu ya tano.