Mifuko ya kinga njaa: misimu miwili tangu maji ya Rufiji yaondoke na mbegu zetu

Nimeulizwa sana kuhusu hii mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka bila dawa, kama inafanya kazi kweli au ni maneno ya wauzaji, basi ngoja niandike nilivyoiona mimi. Nimeitumia misimu miwili sasa na sikuinunua kwa sababu ya tangazo, niliinunua kwa sababu tulikuwa tumeshaonja njaa.

Mama yangu analima Muhoro, Rufiji. Aprili 2024 mto ulipotapika mpunga ulikuwa umeshabeba, bado wiki chache tu watu waingie kuvuna, maji yakafunika shamba lote likabaki paa la dungu tu linaonekana kwa mbali. Nyumbani nako magunia matatu ya mahindi yalikuwa sakafuni, tulipoweza kurudi tukayakuta yameumuka na kuota mizizi humohumo ndani ya gunia, ile harufu mpaka leo naijua. Ila kilichomliza mama sio magunia, ni mahindi ya mbegu aliyokuwa ameyaning'iniza na maganda yake juu ya meko. Jiko lilikuwa la udongo, lilianguka lote likaenda nayo. Mkulima akibaki na mbegu hata kama hana unga anajua pa kuanzia, mbegu zikienda anakaa tu anaangalia maji. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alisema bungeni mwezi uleule kuwa mvua zile zimeua watu 155 nchi nzima na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika, na mimi kila nikisikia neno kaya nawaona watu kama mama, wenye heka mbili tatu na hawana akiba popote zaidi ya kilichopo ndani ya gunia.

Unga wa msaada ulikuja na tulishukuru, Mungu awabariki walioleta. Lakini Rufiji kuna kilimo cha mlau, maji yakishuka unapanda palepale kwenye tope kabla halijakauka, ule udongo ulioletwa na mto ndo mbolea yako na unyevu uliobaki chini ndo mvua yako. Yani mafuriko yaleyale yaliyokunyang'anya yanakuachia ardhi nzuri kuliko yote ila yanakupa siku chache, ukichelewa kupata mbegu tope linapasuka na nafasi imeenda. Hapo ndo nilipoona msaada wa mbegu unatakiwa uje mapema, usisubiri unga uishe. Sisi tulihangaika tukapata kilo nane za mbegu ya mahindi aina ya Staha dukani Ikwiriri na kunde za kuazima kwa jirani anayekaa juu ambako maji hayakufika. Kunde tulianza kuchuma majani kabla hata mwezi haujaisha na hiyo ndo ikawa mboga yetu kutwa kucha, mahindi nayo yakakubali, mwisho wa Septemba tukapukuchua magunia matano na nusu.

Sasa ndo mifuko inaingia hapa. Miaka yote mama akivuna mwezi wa tisa, ikifika Desemba dumuzi, yule mdudu wa mahindi, ameshageuza gunia zima kuwa vumbi, kwa hiyo watu wanauza fasta kwa bei ya kutupa, halafu Februari wanayanunua mahindi yaleyale kwa bei juu. Baada ya mafuriko hiyo haiwezekani maana Februari hiyo hela ya kununulia huna. Nikanunua mifuko sita, mmoja 5,000, mama akaguna kwa sababu gunia la kawaida lipo chini sana ya hapo.

Mfuko wenyewe ni wa tabaka tatu, mbili za ndani plastiki nzito na la nje ni gunia la kawaida la sandarusi. Hauna dawa yoyote, kwa hiyo hata ukitaka kusaga kesho unasaga. Unaweka nafaka kwenye plastiki ya kwanza, unakandamiza hewa itoke, unasokota shingo unaikunja unafunga kwa kamba, halafu ya pili hivyohivyo, halafu gunia la nje. Wadudu waliomo wanamaliza hewa wanashindwa kula na kuzaana wanakufa. Iligunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakifanya kazi Kameruni kwa ajili ya kunde, na kweli kwa kunde ni kiboko. Kabla hujaweka kitu pulizia plastiki hewa ifumbe mdomo halafu uibonyeze usikilize, ukisikia inapumua ina tundu, rudisha dukani. Siku ya kwanza mama aliukandamiza kwa goti ule mfuko akaniambia "mwanangu, mahindi humu yatapumulia wapi?" nikamwambia mama hapo ndo penyewe, yakikosa pumzi na dumuzi anakosa.

Mfuko wa kwanza tulifungua Februari 2025. Mahindi yaking'aa kama yamepukuchuliwa jana, fukusi wachache wamekauka chini, hakuna vumbi. Mama alichota kwenye ungo akapepeta, hakikutoka kitu, akapepeta tena. Hakusema neno, akaenda kubandika maji ya ugali.

Lakini niseme na la upande wa pili. Mfuko mmoja kati ya ile sita tuliutupa wote. Mawingu ya vuli yalikuwa yanakuja tukafunga haraka mahindi hayajakauka sawasawa, tulipoufungua yamevunda yana ukungu wa kijani. Mama alitaka kuwapa kuku nikakataa kabisa, tukafukia, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, sio mchezo, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kosa lilikuwa letu, mfuko haukaushi nafaka, ukifungia unyevu ndani unabaki na unyevu. Siku hizi tunapima kwa chumvi, chupa kavu ya kioo, punje kidogo na chumvi iliyokaushwa vizuri, unatikisa unaacha kidogo, chumvi ikiganda kwenye kioo rudisha mahindi juani. Na anika kwenye turubai sio chini. Kama kuna mtu anapanga kusaidia watu wa mabondeni namuomba sana, ukitoa mifuko toa na turubai, bila turubai umetoa nusu.

Panya nao wanatoboa, plastiki ikitobolewa habari imeisha, kwa hiyo weka juu ya chaga mbali na ukuta na pembeni pawe safi. Na usidhani mfuko ni mtumbwi, mimi siamini kuuacha chini sehemu ya mafuriko, yetu saizi iko juu ya chaga ya futi nne. Kuna feki pia, mfanyabiashara mmoja mnadani aliniuzia miwili ina plastiki moja tu nyepesi kama ya mkate, siku hizi nahesabu tabaka kwa mkono kabla sijatoa hela.

Kilichonifanya niipe nyota nne na nusu ni mbegu. Tulitenga debe la Staha tukalifunga kwenye mfuko wake, kabla ya masika mama akahesabu punje 50 akazifunga kwenye kipande cha khanga kilicholowa, siku ya sita zilikuwa zimeota 46. Tukapanda hizo, hatukununua hata kilo, na jirani wa kunde tukamrudishia kunde zake na kidogo juu. Ila hii ni kwa mbegu zisizo chotara kama Staha au Situka, chotara usirudie kupanda, mavuno yanashuka sana utalaumu mfuko bure.

Plastiki ukizitunza zinarudi msimu wa pili, zetu nne zimerudi vizuri, moja ilichanika tukaibadilisha. Mwaka huu tuna minane. Mama ameiandika tarehe zote kwa mkaa, na mmoja ameuandika MBEGU kwa herufi kubwa, huo yuko radhi alale njaa kuliko kuufungua kabla ya siku yake.