Kanzidata ya kusoma tu kwa msaidizi wa AI: uzoefu wangu na BigQuery na MCP Toolbox

Swali la kwanza ambalo watu wa tiketi walimuuliza msaidizi wetu wa akili mnemba lilikuwa jepesi: basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mbeya limeuza viti vingapi? Jibu likaja haraka, kwa Kiswahili kizuri kabisa: hakuna tiketi iliyouzwa. Dada anayesimamia tiketi pale Mbezi akanipigia. "Kaka, abiria arobaini na watatu hawa hapa wamekaa, wewe unaniambia hakuna?"

Msaidizi alikuwa ametafuta basi la 12:00. Kwenye kanzidata limeandikwa 06:00, na hakuna mahali nilipomweleza kwamba saa kumi na mbili asubuhi kwetu ndiyo hiyo 06:00. Data ilikuwa sahihi, programu ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni maelezo, na maelezo niliyaandika mimi. Kwa hiyo hapa nitazungumzia maelezo kuliko programu.

Tunavyofanya kazi ni hivi. Data za tiketi ziko BigQuery, kanzidata ya Google ya kwenye wingu. Katikati tumeweka MCP Toolbox for Databases, programu huria ya Google inayotumia MCP, itifaki iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024 ili modeli za lugha zitumie zana za nje kwa utaratibu mmoja. (Wengi huita programu ya namna hii "wakala", lakini kwenye biashara ya mabasi neno hilo lina mwenyewe: ni anayekata tiketi stendi. Ndiyo maana nasema msaidizi.) Kuiweka hakukunisumbua. Kwenye faili la tools.yaml unataja chanzo cha data, halafu zana moja moja: jina, maelezo, SQL yake (swali lenyewe kwa lugha ya kanzidata) na vigezo vyake.

Mwanzoni niliandika kwenye kila zana: "Hii ni ya kusoma tu, usibadilishe data." Sentensi hiyo haizuii kitu. Hata alama ya readOnlyHint iliyomo kwenye MCP ni dokezo tu. Kufuli lenyewe liko kwenye ruhusa. Akaunti ya huduma anayotumia msaidizi nimeipa majukumu mawili: BigQuery Data Viewer kwenye dataseti moja, na BigQuery Job User kwenye mradi ili iweze kuendesha maswali. Kisha nikajaribu mwenyewe kufuta tiketi moja kwa akaunti hiyo hiyo, nikakataliwa. Fanya jaribio hilo kabla hujaandika "kusoma tu" popote.

Na kusoma kwenyewe kuna gharama. BigQuery huhifadhi data kwa safuwima, na ukiwa kwenye malipo ya kadiri unavyotumia, unatozwa kwa ukubwa wa data iliyosomwa. Tebibaiti ya kwanza kila mwezi ni bure. Nilipompa msaidizi uhuru wa kujitungia SQL, alikuwa akiandika SELECT *, yaani leta safuwima zote, na kumalizia na LIMIT 10, yaani nipe mistari kumi tu. Kwenye jedwali la kawaida LIMIT haipunguzi bili, maana safuwima zote zimeshasomwa. Sasa jedwali la mauzo limegawanywa kwa tarehe na limewekewa sharti kwamba swali lisilotaja tarehe linakataliwa. Juu yake kuna kikomo cha data kwa siku.

Halafu kuna majina na namba za simu za abiria. Msaidizi akisoma kitu, kimeshatoka kwenye kanzidata na kwenda kwenye modeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, abiria hakunipa namba yake kwa kazi hiyo. Msaidizi anaona mwonekano (view, yaani sura ya jedwali iliyochujwa) uliotengenezwa bila safuwima hizo, na bila safuwima ya maoni pia, kwa sababu mtu anaweza kuandika humo maneno ya kumwamrisha msaidizi naye akayatii.

Sasa maelezo. Zana ya mauzo ilianza na mstari mmoja: "Inarudisha mauzo ya tiketi." Mimi nilielewa, kwa kuwa jedwali nililitengeneza mimi. Msaidizi hana kingine cha kushika zaidi ya maneno hayo. Leo zana hiyo hiyo inasema hivi: "Tumia hii kujua idadi ya viti vilivyouzwa kwa basi moja kwa siku moja. Muda wa kuondoka uandikwe kwa saa 24. Mtumiaji akisema saa kumi na mbili asubuhi, andika 06:00. Akisema saa mbili usiku, andika 20:00. Kituo kiandikwe kwa kifupi: DSM, MBY, MWZ, DOM. Tiketi iliyorudishwa imeandikwa kwa kiasi hasi. Ukipata jibu tupu, usiseme hakuna mauzo. Sema hukuona basi hilo, kisha taja muda na kituo ulivyotafuta."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyotusaidia kuliko zote. Tarehe nayo ilinipotezea siku mbili: BigQuery isipoambiwa saa za mahali hutumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo tiketi iliyokatwa saa nane usiku ilihesabiwa ya jana. Hilo sikuliacha kwa msaidizi. Nimeandika 'Africa/Dar_es_Salaam' ndani ya SQL yenyewe.

Kwa ofisi ya tiketi nimebakiza zana sita zenye SQL iliyoandikwa tayari. Ile ya SQL huria natumia mimi peke yangu, na bado siko tayari kumpa mwingine. Zikiwa hivyo, Toolbox na BigQuery naziamini, na ningezichagua tena.

Maelezo siku hizi tunayapitia wawili. Juzi dada wa Mbezi alinitumia ujumbe: "Mtoto wa kupakatwa ana tiketi lakini hana kiti, asihesabiwe kwenye viti." Nimeuingiza kama ulivyo.