Gambuti kwenye tope la Rwenzori: uzoefu wangu

Kwa njia ya kati ya Milima ya Rwenzori, ile inayoanzia Nyakalengija upande wa Uganda, nazipa gambuti alama nyingi kuliko buti za ngozi za bei yoyote. Sababu ni Bigo, eneo la tope kati ya vibanda vya John Matte na Bujuku. Buti ya ngozi ikizama humo haikauki tena mpaka ushuke mlimani. Hata Juni hadi Agosti, miezi inayohesabiwa kuwa mikavu, mvua hunyesha.

Nilizotumia ni za shambani, zinazofika chini kidogo ya goti. Chukua namba moja zaidi ya unayovaa, halafu punguza nafasi kwa soli ya ndani na soksi mbili: nyembamba ya nailoni, kisha nene ya sufu. Kisigino kikicheza, lengelenge litakuwa limetoka kabla hujafika kibanda cha Nyabitaba, na hiyo ni siku ya kwanza tu. Kucha zikate fupi. Kwenye mteremko vidole hugonga mbele.

Suruali ya mvua ivae juu ya gambuti. Ukiichomeka ndani, maji yote yanayotiririka mguuni yataishia kwenye soksi.

Tope likikunyonya, usivute mguu wima, utatoka na soksi. Tanguliza kisigino, zungusha kifundo polepole hewa ipenye, ndipo uvute. Mashina ya nyasi yanayochomoza humo hukubeba ukikanyaga katikati kabisa; ukikanyaga ukingoni hulala, nawe unazama hadi pajani. Pima kwanza kwa fimbo.

Kasoro zipo. Mpira haupitishi hewa, kwa hiyo jioni soksi zimelowa jasho hata kama tope halikuingia. Beba jozi kavu ya kulalia isiyoguswa mchana. Gambuti usizianike karibu na moto, zitapasuka pale zinapojikunja kifundoni. Soli iwe na meno marefu, maana kwenye madaraja ya mbao yenye ukungu soli iliyolika ni sabuni.

Mwisho wa gambuti ni kibanda cha Elena, mita 4,541. Kutoka hapo kwenda kilele cha Margherita, mita 5,109, kuna barafu, na vyuma vya meno vya kukanyagia barafu havishiki kwenye mpira unaopinda. Buti ngumu ya mlimani ibebwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ikavaliwe huko juu.