Fonti ya mwandiko wa mkono iliyonikaanga kwa mteja

Nilikuwa sina mpango wa kuandika hapa ila nina hasira jamani. Nimenunua fonti moja ya mwandiko wa mkono, ile ya kienyeji kama mtu kaandika na maka pen bila kujisumbua, na leseni ya biashara nikalipia kabisa, sikuiba. Kwa macho ni nzuri, sitasema uongo, herufi g ina mkia umelegea mpaka raha.

Sasa mteja ana lebo ya sabuni, maneno yake "Vyombo vinang'aa". Nikapanga, nikatuma kuchapwa, lebo 500 zimerudi zimeandikwa "vinang aa". Pengo! Yani ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng', haipo. Kumbe ukiandika, programu inaigeuza ile ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hii fonti iliyopinda haina, aliyeitengeneza ameacha nafasi tupu, wala hata kile kisanduku cha kukushtua kuwa alama haipo hakitokei. Kwenye skrini nikaona kama herufi zimeachana tu, si ndo mwandiko wa mkono. Mteja kanipigia, "kaka, vinang ndo nini?" Nikakosa jibu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Akanijibu fonti haina tatizo, lugha yangu ndo ina alama nyingi. Alama nyingi?? Moja! Na Kiingereza chenyewe bila hiyo alama unaandikaje "don't"? Hapo ndo nilichemka kweli.

Tena nikianza kuichunguza kwa hasira nikaona mengine. Andika "tunawakaribisha", a zote nne pacha, mkia uleule, mlalo uleule, sasa ni mkono gani huo wa binadamu? Fonti za mwandiko zilizotengenezwa na mtu makini zina a mbili tatu zinazopokezana zenyewe. Na kwenye "aa" ya vinang'aa ndo kabisa, zimesimama kama mapacha wamevalishwa sare.

Watu wanaicheka fonti ya Comic Sans, ile Vincent Connare aliichora akiwa Microsoft 1994 baada ya kumuona mbwa wa katuni kwenye programu yao ya Microsoft Bob anaongea kwa Times New Roman, eti haiendani. Cheka utakavyo, ritifaa inayo zote mbili, na mtoto anayeanza kusoma anaiona a kama anavyofundishwa kuiandika.

Lebo nilirudia kwa hela yangu. Nilichofanya nimechukua koma ya fonti ileile nikaipandisha juu, na wallahi imetoka safi kuliko nilivyotegemea, mteja hajui mpaka leo.

Nyota moja. Haya mbili, kwa ajili ya ile g. Maana nisiwe mnafiki, juzi nimeitumia tena kwenye kadi ya birthday na imependeza vibaya mno, ila nilipitia maandishi yote kwanza kuhakikisha hakuna ng' hata moja.